Wageni wa Marekani Si Mboga ya Chungu

Tarehe 1 mwezi wa tatu mwaka 2025, Raisi Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri inayosema kwamba Kiingereza ndicho lugha rasmi ya nchi yake. Tangu nchi ile ijitangazie uhuru mwaka 1776, serikali yake kuu haikuwa imetoa amri ya namna hiyo hata mara moja. Amri hiyo ilifuta pia nyingine ya Raisi Clinton ya mwaka 2000, iliyotaka ofisi za serikali ziwasaidie watu wasiojua Kiingereza vizuri kwa lugha wanayoielewa.

Hapa kwetu nimesikia wakristu wengi wakiisifu amri hiyo. Wanasema: «Ni haki. Mgeni afuate desturi za mwenye nyumba. Anayetaka Kiswahili abaki Uvira.» Wengine, wachache zaidi, wamekasirika. Wao wanadai kwamba kila kabila lina haki ya kubaki vile lilivyo popote duniani, na asiyekubali ni adui wa Waafrika. Mimi nasema kwamba pande zote mbili zinakosea, lakini hazikosei sawasawa. Wale wa kwanza wanakosea zaidi, na ndio wenye nguvu leo. Basi nitaanza nao.

Ugomvi huu si wa jana. Mwaka 1908 Israel Zangwill, Myahudi wa London, alitoa mchezo wa kuigiza ambao jina lake ni chungu cha kuyeyushia madini. Raisi Theodore Roosevelt mwenyewe alikwenda kuutazama mjini Washington. Maana ya mchezo ni hii: mataifa yote ya Ulaya yanatupwa ndani ya chungu kimoja, Mungu anawasha moto, na mtu mpya anatoka, Mmarekani. Mwaka 1915 Horace Kallen, mwalimu wa filozofia, Myahudi mzaliwa wa Ujerumani aliyeletwa Marekani akiwa mtoto, akajibu: Hapana, taifa ni kama kundi la wapiga muziki. Kila chombo kina sauti yake, na uzuri wa wimbo unatoka katika sauti nyingi zinazopatana. Baadaye watu waliacha mfano wa muziki wakachukua mfano wa sahani ya saladi: nyanya inabaki nyanya, kitunguu kinabaki kitunguu.

Kwa hiyo tuna watu wa Chungu na watu wa Saladi. Zangwill alifikiri chungu cha mfua vyuma, lakini midomoni mwa watu kimekuwa sufuria ya jikoni. Mimi sipendi mfano wo wote unaomfanya mtu kuwa mboga. Mahali penye mboga pana mpishi, tena pana mlaji. Hao ni nani? Watu wa Chungu hawapendi kuulizwa swali hilo. Tuwaulize.

Mwaka 1914 Henry Ford, tajiri wa motokari, alianza kuwalipa wafanyakazi wake wa Highland Park, karibu na Detroit, dolari tano kwa siku. Ilikuwa mali nyingi wakati ule. Lakini sehemu ya mshahara huo ilikuwa na masharti. Watumishi wa Ford walipita nyumba kwa nyumba, wakatazama kama vyumba ni safi, kama mtu anaweka akiba, kama ameoa kwa halali. Wageni walipelekwa katika shule ya Kiingereza ya kiwanda. Siku ya kumaliza masomo walifanya mchezo: chungu kikubwa mno kiliwekwa mbele ya watu, wanafunzi wakashuka kutoka mfano wa meli wakiwa wamevaa nguo za nchi zao na kubeba vifurushi, wakaingia chunguni. Walimu wakakoroga kwa miiko mirefu. Halafu wanafunzi wakatoka upande wa pili wamevaa suti za Kimarekani, wakipeperusha bendera ndogo.

Wasomaji ambao babu zao walihadithia mambo ya zamani za Wabelgiji hawatashangaa sana. Mwaka 1952 sisi pia tuliletewa karatasi ya «immatriculation». Aliyeitaka alitembelewa nyumbani, wakatazama meza na kitanda, wakamhoji mke wake, ili wajue kama amekwisha kufanana na Mzungu. Walioipata walikuwa wachache kabisa. Hata hao waliona kwamba karatasi ni karatasi tu, na meza ya Mzungu ilibaki ya Mzungu.

Basi neno la kwanza dhidi ya Chungu ni hili: Chungu kina mwenyewe. Kinasema kinamfanya mtu kuwa raia wa nchi, kumbe kinataka kumfanya afanane na watu fulani tu wa nchi ile. Tuchukue Philadelphia, mwaka 1844. Shule za watu wote zilisema kwamba hazina dini ya upande mmoja. Lakini kila siku watoto walisoma Biblia ya Kiprotestanti, na watoto wa Kikatoliki walilazimishwa kuisoma pia. Askofu Francis Kenrick aliomba jambo dogo tu: watoto wetu waruhusiwe kutumia Biblia yao. Uvumi ukaenea kwamba Wakatoliki wanataka kuifukuza Biblia shuleni. Katika mwezi wa tano kanisa la Mtakatifu Mikaeli na kanisa la Mtakatifu Agostino yalichomwa moto, nyumba za Wairlandi pia, na watu waliuawa. Mwezi wa saba mapigano yalirudi tena. Sasa angalieni vizuri: wengi wa Wairlandi hao walikuwa wanasema Kiingereza! Lugha haikuwa sababu. Chungu kilidai kwanza lugha, na ulipokuwa nayo tayari, kilidai kitu kingine.

Kama bado kuna mwenye mashaka, atazame Weusi wa Marekani. Hao walikuwa na Kiingereza kwa vizazi vingi. Walikuwa wakristu. Walijua nyimbo, vyakula na mashamba ya nchi ile kuliko mgeni ye yote aliyeshuka melini juzi. Je, walikaribishwa? Augustus Tolton alizaliwa mtumwa katika Missouri mwaka 1854, mama yake akatoroka naye na ndugu zake wakavuka mto Mississippi. Alitaka kuwa padri. Hakuna seminari hata moja ya Marekani iliyokubali kumpokea. Ilimpasa kwenda Roma, akapewa upadri kule mwaka 1886, na Roma ikamrudisha kwa watu wake. Alikufa Chicago mwaka 1897, bado kijana. Mimi niliyekaa kwenye mabenchi ya seminari siwezi kupita jina lake haraka. Mtu huyu alikuwa Mmarekani kwa kuzaliwa, kwa lugha, kwa yote. Alikosa nini cha kuyeyushwa? Basi wanaotuambia kwamba ndugu zetu watapendwa siku watakapoacha Kiswahili, na watuonyeshe kwanza jinsi Tolton alivyopendwa.

Na wenyeji wa kwanza wa nchi ile, waliokuwako kabla ya meli zote? Tangu mwaka 1879 watoto wao walipelekwa katika shule ya Carlisle, Pennsylvania, wakakatwa nywele, wakapewa majina mapya, wakakatazwa lugha za mama zao. Mwenye nyumba mwenyewe alilazimishwa kufuata desturi za mgeni. Mnaopenda kunena juu ya «mwenye nyumba», ninyi mnamtaja mwenye nyumba gani?

Neno la pili: Chungu kikiogopa kinakuwa kikali bila akili. Wajerumani walikuwa wageni waliosifiwa sana Marekani. Walikuwa na mashamba mazuri, shule, magazeti, makanisa ya Kikatoliki na ya Kilutheri. Vita Kubwa ikafika. Tarehe 23 mwezi wa tano 1918, gavana Harding wa Iowa alikataza lugha zote za kigeni shuleni, katika maneno ya hadharani, ndani ya treni, katika simu, na hata katika ibada ya makanisa. Mzee asiyejua Kiingereza aliambiwa asali nyumbani kwake. Mwaka uliofuata Nebraska ilitunga sheria ya kukataza mtoto asifundishwe kwa lugha ya kigeni kabla ya kumaliza darasa la nane. Mwalimu Robert Meyer wa shule ya Kilutheri alikutwa akimfundisha mtoto kusoma habari za Biblia kwa Kijerumani, akatozwa dolari 25. Alikataa kulipa. Shauri lilipanda mpaka Tribinali Kuu, na mwaka 1923 Tribinali ikamwondolea hatia: serikali haina haki ya kuingia kati ya mzazi na mwalimu kwa namna hiyo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1925, Masista wa Oregon walishinda nao. Sheria ya kule, ambayo watu wa Ku Klux Klan waliiunga mkono kwa nguvu, ilitaka kuwalazimisha watoto wote waende katika shule za serikali. Kama ingesimama, shule zote za Kikatoliki zingefungwa. Wakristu wanaoisifu lugha moja kwa amri wakumbuke kwamba fimbo ile ile ilikuwa imeinuliwa juu ya shule zetu.

Tena kuna jambo la kuchekesha, kama halingeumiza. Wageni walipokuwa wameanza kujifunza Kiingereza, kupeperusha bendera na kubadili majina, mwaka 1924 bunge liliwafungia mlango ndugu zao. Kila taifa lilipewa nafasi kwa kipimo cha asilimia 2 ya watu wake waliohesabiwa Marekani mwaka 1890, yaani kabla Waitalia, Wapolandi na Wayahudi wa Urusi hawajawa wengi. Watu wa Asia karibu wote walifungiwa kabisa. Kipimo cha mataifa kilidumu mpaka mwaka 1965. Kwa hiyo aliyeyeyuka na asiyeyeyuka walipata jibu moja.

Lakini sitaki msomaji afikiri kwamba kosa hili ni la Waprotestanti na wapagani peke yao. Ndani ya Kanisa letu wenyewe watu wa Chungu walikuwako, na ni hapo nataka tukae kidogo, sababu ndipo hasara ilipokuwa kubwa.

Askofu mkuu John Ireland wa Saint Paul, Minnesota, alikuwa mtu mwenye akili na moyo wa kazi. Alizaliwa Irlandi mwaka 1838, akaletwa Marekani akiwa mtoto, akasomea upadri Ufaransa. Yeye mwenyewe, basi, alikuwa mgeni. Lakini alitaka Kanisa la Marekani liwe la Kimarekani kabisa, la Kiingereza, ili Waprotestanti wasiseme tena kwamba Wakatoliki ni watu wa nje. Shabaha yake naielewa. Mwaka 1889 padri Alexis Toth alifika kwake kutoka nchi za Austria-Hungaria. Toth alikuwa wa Waruteni, wakristu wanaomtii Papa lakini wanaofuata desturi za Mashariki katika Misa, na mapadri wao waliruhusiwa kuwa na mke kabla ya kupata upadri. Toth alikuwa ameoa, na mke wake alikuwa amekwisha kufa. Tena alikuwa amefundisha sheria za Kanisa, hakuwa mjinga. Askofu mkuu aliposikia habari hizo alikasirika, hakumkubali, akasema hamhitaji padri wa namna hiyo mjini mwake; Waruteni waende kwa padri wa Wapolandi.

Ikawaje? Mwaka 1891 Toth na parokia yake ya Minneapolis waliingia katika Kanisa la Waortodoksi wa Urusi. Halafu akazunguka Pennsylvania na kwingine, na maelfu ya Waruteni wakamfuata. Waortodoksi wa Marekani walimtangaza mtakatifu mwaka 1994. Hasira ya siku moja, ya mtu aliyetaka watu wote wafanane, imezaa Kanisa la pembeni lililosimama mpaka leo.

Wapolandi nao waliona uchungu. Walijenga makanisa kwa senti za machimbo ya makaa, kisha wakaambiwa kwamba mali ni ya askofu na padri atakuwa ye yote askofu atakayependa. Huko Scranton, mwaka 1897, padri Franciszek Hodur akawa kiongozi wa waliokasirika. Mwaka 1898 akatengwa na Kanisa. Kanisa lao la Kipolandi, lililojitenga na Roma, liko hata sasa. Simtetei Hodur, aliyeondoka nyumbani ameondoka. Nasema tu kwamba mtu haondoki usiku bila sababu.

Na Waitalia? Katika Harlem ya Mashariki, New York, kuna kanisa la Bikira Maria wa Mlima Karmeli, barabara ya 115. Waitalia walilijenga kwa mikono yao. Lakini mpaka mwaka 1919 walisali chini, katika chumba cha msingi, na watu wengine walisali juu. Wasomaji walikumbuke hilo, nitalirudia.

Sasa watu wa Saladi wanafurahi, wanafikiri niko upande wao. Wangoje. Mwaka 1891 Peter Paul Cahensly, mfanyabiashara Mkatoliki wa Limburg aliyewatetea sana wahamiaji, alipeleka Roma barua ya mashirika ya nchi mbalimbali za Ulaya. Waliomba kila taifa lipewe parokia zake na mapadri wake Marekani; hiyo ilikuwa haki. Lakini waliomba pia kila taifa liwe na maaskofu wake katika baraza la maaskofu wa nchi. Tena walitoa hesabu ya mamilioni ya Wakatoliki waliopotea, hesabu iliyotiwa chumvi sana. Roma ilikataa kuwagawa maaskofu kwa taifa, na ilifanya vizuri. Askofu wa Wajerumani, askofu wa Wapolandi, askofu wa Waitalia, wote katika mji mmoja: hapo hakuna tena Kanisa, kuna soko lenye vibanda.

Kati ya Chungu na vibanda kuna njia, na mwanamke mmoja aliipita bila kuandika kitabu juu yake. Francesca Cabrini alikuwa sista wa Italia, mgonjwa mara kwa mara. Alitaka kwenda China. Papa Leo XIII akamwambia aende upande wa magharibi. Alifika New York mwaka 1889 na masista sita. Askofu mkuu alimwambia arudi Italia, kwa kuwa nyumba ya yatima haikuwa tayari. Alijibu kwamba ametumwa na Papa, akabaki. Aliwafundisha watoto wa Waitalia katekismu kwa Kiitalia, akawatembelea wagonjwa na wafungwa kwa Kiitalia, akajenga shule, hospitali na nyumba za yatima. Mwaka 1909 akawa raia wa Marekani. Alikufa Chicago mwaka 1917, na mwaka 1946 Papa Pius XII alimtangaza mtakatifu, raia wa kwanza wa Marekani kupata heshima hiyo. Je, alikuwa mtu wa Chungu ao wa Saladi? Alichukua uraia mzima bila kuitupa lugha ya mama zao wale yatima.

Parokia za wageni zilifanya vilevile. Parokia ya Mtakatifu Stanislaus Kostka ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1867, ilikuwa kati ya parokia kubwa kabisa za nchi yote, na lugha yake ilikuwa Kipolandi. Adui zao walisema kwamba parokia hizo zinazuia watu kuwa Wamarekani. Kinyume kabisa! Pale mgeni alipata chama cha kusaidiana, akiba, shule ya watoto, mtu wa kumsomea karatasi za serikali na kumweleza kura ni nini. Mtu asiyeogopa anajifunza upesi. Watoto wao walijua lugha mbili. Wajukuu wengi wanajua Kiingereza tu, na wamefanya hivyo bila kufungwa, bila gavana Harding. Watu wa Chungu wanaogopa jambo ambalo halijatokea Marekani hata mara moja: kwamba wajukuu wa wageni watakataa Kiingereza.

Tarehe 8 mwezi wa tano 2025, miezi miwili na siku chache baada ya amri ya Raisi Trump, Makardinali walimchagua Papa mzaliwa wa Chicago, Leo XIV, ambaye wazee wake upande wa mama walitoka kwa Wakrioli wa New Orleans. Alitoka kibarazani akanena Kiitalia. Kisha akawasalimu kwa Kihispania wakristu wa jimbo lake la zamani, Chiclayo, katika Peru. Kiingereza hakukitumia pale. Je, siku ile alipungukiwa Umarekani wake?

Sasa nigeukie watu wa Saladi, na wasidhani nitawahurumia.

Wana neno moja la kweli. Mwaka 1974 Tribinali Kuu iliamua shauri la wanafunzi wa Kichina wa San Francisco waliowekwa darasani bila kuelewa lugha ya mwalimu. Ilisema kwamba kuwapa watu wote kitabu kile kile na mwalimu yule yule si kuwatendea sawa, kama wengine hawaelewi kitu. Hilo ni haki. Lakini tangu hapo watu wa Saladi wamefanya utamaduni kuwa maonyesho. Siku moja kwa mwaka watoto wanavaa vitenge, wanapiga ngoma, wanapika sombe, walimu wanapiga picha, na kesho yake hakuna anayeuliza baba wa mtoto huyo analipwa nini katika kiwanda cha nyama. Utamaduni uliobaki tumboni na miguuni tu ni wa watalii.

Tena wanapenda visanduku. Katika karatasi za kuhesabu watu, tangu mwaka 1980, Mmeksiko, Mkuba na Mperu wanawekwa chini ya jina moja, ingawa nchi zao hazifanani. Mbembe aliyetoka Fizi anatia alama katika kisanduku kimoja na mjukuu wa watumwa wa Alabama. Mmoja amepata karatasi za ukimbizi juzi, mwingine ana miaka mia tatu katika udongo ule. Halafu anatokea bwana mmoja mwenye tai anayesema kwa jina la kisanduku kizima, na hakuna aliyemchagua.

Ubaya mkubwa zaidi ni kuitumia desturi kama ukuta wa kujifichia. Kuna wazee wanaotaka kumwoza binti kabla ya wakati wake, ao kumpiga mke, kisha wanasema: «Ni utamaduni wetu.» Hapana. Hata huku ni dhambi. Haikuwa desturi njema kwa sababu imepanda ndege. Kuna pia wanaobeba ugomvi wa vilima vyetu mpaka kule, hawa wasisali na wale, kama kwamba hatukuzika watu wa kutosha.

Na sasa ndugu zetu. Kwa miaka kadhaa, kama 2016, 2018 na 2019, Kongo ilikuwa nchi ya kwanza kwa wingi wa wakimbizi waliopokelewa Marekani. Wengi walipitia makambi ya Tanzania, Burundi, Uganda na Rwanda, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Tangu mwezi wa kwanza 2025 njia hiyo imesimamishwa, na familia nyingi zimekatwa katikati: mama kule, mtoto Nyarugusu. Huwezi kuomba watu wayeyuke huku unawafungia watoto wao nje.

Kwa walioko kule nasema wazi: jifunzeni Kiingereza, na mkijifunze vizuri. Atakaye uraia baada ya miaka mitano lazima akisome, akiandike na kukisema, isipokuwa wazee wa umri fulani. Lakini hata kama mtihani usingekuwako, ningesema vilevile. Baba asiyejifunza anamfanya mtoto wake wa miaka kumi kuwa mkalimani. Mtoto anaingia na mama kwa daktari, anasikia magonjwa ambayo mtoto hapaswi kusikia habari zake, anachagua aseme lipi na lipi afiche. Anasoma barua ya mwenye nyumba, anajua deni kabla ya baba. Siku ile baba amekuwa mtoto, na mtoto atakumbuka.

Nasema pia: semeni Kiswahili nyumbani bila haya. Kiingereza kina shule, kina televisheni, kina njia nzima. Hakihitaji kulindwa na Raisi wala na baba. Kiswahili hakina mlinzi kule isipokuwa mama na parokia. Mwana asiyeweza kunena na mama yake ila juu ya chakula na viatu, atamweleza namna gani huzuni yake? Mama atamfundisha kusali kwa maneno gani, yale aliyoyajua tangu utoto ao yale aliyojifunza kwa kuhesabu vidole? Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia kwa lugha ya kwao. Roho Mtakatifu hakuwaamuru wajifunze kwanza Kiaramayo.

Na mapadri wa kule, ikiwa maneno haya yatawafikia: wengi wenu mmewapa watu wetu Misa ya Kiswahili, asanteni. Msiwape saa tisa ya mchana wakati kila mtu yuko kazini, wala chumba cha chini. Mtu aliyesali chini mpaka mwaka 1919 alikuwa babu yenu.

Ninyi mlio huku, mjukuu akipiga simu kutoka Kentucky na kuvunja Kiswahili, msimcheke. Nimewasikia mkicheka, na mtoto akimrudishia mama simu. Hatapiga tena.

Mtaniuliza: «Mwalimu, hata wewe umesema kwamba wajukuu wa Wapolandi walisahau. Wetu pia watasahau. Ya nini kusumbuka?» Ndiyo, labda watasahau. Lakini Wapolandi walisahau polepole, wakiwa wamekwisha kuungamisha na kuzika bibi zao kwa lugha ambayo bibi hao waliijua. Watu wetu wengi wa makambi hawajamaliza hata miaka ishirini kule. Bibi zao bado wako hai.